Neno Likigeuka, Nani Ajibu?

Swali tunalolijadili hapa halikuzaliwa maktabani. Lilizaliwa darasani, katika kikundi cha jioni cha watu wazima wanaojifunza Kiswahili hapa Kigali. Mwanafunzi mmoja, msichana ambaye mchana hujifunza Kichina, aliandika ubaoni herufi moja ya lugha hiyo, akatuambia kuwa husomwa "ren", kisha akatutaka tumpe neno la Kiswahili linalolingana nayo. Tulipoelezwa kwamba maana yake ni kustahimili, tulijibu bila kusita: "Ni subira." Tukaliandika neno letu kando ya lile lake, tukaridhika. Hapo mama mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono. "Mwalimu," alisema, "kwa Kinyarwanda tungesema kwihangana. Mimi neno hilo, ihangane, huambiwa kila mwaka ifikapo Aprili. Wako wanaoniambia huku wanalia pamoja nami. Wako wanaoniambia ili ninyamaze. Kwangu mimi si neno moja." Darasa likawa kimya, nasi tukatambua kwamba tumekosea, ingawa kamusi ingetutetea.

Wasomaji wetu walio nje ya Rwanda huenda wakashangaa kusikia kwamba Kichina, Kinyarwanda na Kiswahili vimekutana katika ubao mmoja. Kwetu si ajabu tena. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge lake likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2009, Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika iliyokuwa Taasisi ya Elimu ya Kigali, ambayo baadaye iliunganishwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwalimu wa Kiswahili wa mji huu, basi, hufundisha huku amezungukwa na lugha nyingine, na maswali ya maana humjia kutoka pande zote.

Katika makala haya tunakusudia kuuliza jambo moja: maana ya neno la maadili hukaa wapi, na neno hilo likigeuka, nani wa kujibu? Yafaa tuanzie mbali, China na Japani, kwa sababu huko maneno ya dini ya Ubudha yamesafiri kutoka lugha moja hadi nyingine kwa muda wa karibu miaka elfu mbili, na safari ndefu huonyesha mageuzi waziwazi. Kisha tutarudi nyumbani, ambako swali hili lina uzito wa damu.

Tuitazame kwanza herufi ile ya "ren". Ina sehemu mbili: juu ni makali ya kisu, na chini ni moyo. Wako walimu wapendao kueleza kwamba kustahimili ni kuishi na kisu kilichowekwa juu ya moyo. Mfano huu hukaa akilini, nao haukosi uzuri. Lakini wataalamu wa maandishi ya Kichina hueleza kwamba sehemu ya kisu iliwekwa hasa kwa ajili ya sauti, maana neno la makali ya kisu nalo hutamkwa "ren". Kinachodokeza maana ni moyo. Hapa tunapata onyo la kwanza. Hadithi nzuri juu ya neno si lazima iwe ndiyo asili yake. Nasi Waswahili hatujapona maradhi hayo: mara ngapi tumesikia neno likikatwa vipande viwili na kila kipande kikapewa kisa, na wasikilizaji wakapiga makofi?

Wabudha wa China walipotafuta neno la kutafsiri fadhila ambayo kwa Kisanskriti huitwa "kshanti", walilichagua "ren", na mara nyingi waliliunga na neno jingine lenye maana ya fedheha, likawa "renru", kustahimili fedheha. Walimu wao waliigawa fadhila hiyo katika mafungu matatu. La kwanza ni kuvumilia ubaya wa adui bila kumchukia. La pili ni kuzipokea taabu na maradhi bila kuvunjika moyo. La tatu ni kukaa imara katika kuutazama ukweli wa mambo kama yalivyo. Tulizingatie hili la tatu. Subira ya namna hii haimtaki mtu afumbe macho. Inamtaka ayafumbue wala asikimbie. Basi mtu anayetakiwa anyamaze ili yaliyompata yasisemwe, hakufundishwa "ren" hata kidogo. Amefundishwa kinyume chake, kwa jina lile lile.

Tuvuke bahari tufike Japani, ambako neno "gaman" litatustaajabisha zaidi. Huandikwa kwa herufi mbili. Ya kwanza ina maana ya "mimi" au nafsi, na ya pili ina maana ya kiburi. Katika mafundisho ya Ubudha lilikuwa jina la kosa: majivuno ya mtu anayeishikilia nafsi yake na kuikweza. Leo Mjapani akisema "gaman", anakusudia kuvumilia, kujizuia, kukaza roho bila kulalamika. Mtoto anayelilia pipi huambiwa afanye "gaman". Mgonjwa aliye katika maumivu husifiwa kwa "gaman" yake. Kosa limegeuka kuwa fadhila! Njia lililopitia si ngumu kuikisia. Mwenye kiburi hushikilia lake wala hakubali kushindwa. Kushikilia huko kukaonekana kuwa uthabiti. Uthabiti ukaonekana kuwa uvumilivu. Hakuna baraza lililoketi kuamua hivyo. Watu walilitumia neno kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, hata maana ya kwanza ikabaki vitabuni tu.

Je, tuseme kwamba neno hilo limeokoka? Tetemeko la ardhi na mawimbi makubwa vilipoipiga Japani tarehe 11 Machi 2011, walimwengu waliona jinsi watu walivyopanga foleni kwa utulivu kungoja maji na chakula, na wengi wakajifunza neno "gaman" kwa kuwastahi watu hao. Lakini lugha hiyo hiyo ya Kijapani ina neno "karoshi", yaani kifo kitokanacho na kufanya kazi kupita kiasi, na balaa hilo lilizidi hata mwaka 2014 Japani ikatunga sheria ya kulizuia. Mfanyakazi anayejizuia kwa hiari yake ili jirani naye apate maji, na mfanyakazi anayejizuia hata akafa kwa sababu bwana wa kazi anamtazama, wote wawili huenda wakasifiwa kwa neno moja. Fadhila iliyo kinywani mwa anayeumia huweza kuwa amri ikiingia kinywani mwa anayefaidika.

Neno la tatu ni "fangbian". Lilitumiwa kutafsiri neno la Kisanskriti lenye maana ya njia ya busara, yaani ufundi wa mwalimu anayempa kila mtu fundisho kwa kiasi cha uwezo wake wa kulipokea. Mtafsiri mashuhuri Kumarajiva, aliyefika mji wa Chang'an mwaka 401, aliifasiri Sutra ya Yungiyungi mwaka 406, na sura ya pili ya kitabu hicho inaitwa kwa neno hili. Katika sura inayofuata mna mfano wa baba ambaye nyumba yake inawaka moto huku watoto wake wamo ndani wakicheza, wala hawasikii anapowaita. Baba anawaambia kwamba nje ya lango yapo magari mazuri ya kuchezea, ya namna wanazozipenda. Watoto wanatoka mbio, wanaokoka, na baba anawapa gari bora kuliko yale aliyoyaahidi. Kitabu kinauliza kama baba yule alisema uongo, na jibu lake ni kwamba hakusema uongo.

Leo katika Kichina cha kila siku "fangbian" ni urahisi tu. Hata tambi zinazoiva kwa kumiminiwa maji ya moto zimepewa jina hilo. Japani, ambako herufi zile zile husomwa "hoben", ipo methali isemayo kwamba uongo nao ni "hoben". Methali hiyo humliwaza mtu aliyemficha mgonjwa habari mbaya, na humliwaza vilevile mfanyabiashara aliyemdanganya mteja. Baba wa nyumba iliyoungua alilitumia neno ili watoto waokoke. Mwongo hulitumia ili aokoke yeye. Herufi ni zile zile. Kinachowatenga ni swali ambalo kamusi haiulizi: ni nani aliyefaidika?

Watafsiri wa kale hawakuwa wajinga wa hatari hii. Mtawa Xuanzang alisafiri hadi India kuanzia mwaka 629, akarudi Chang'an mwaka 645 na shehena ya vitabu. Kwa jina lake zimehifadhiwa sababu tano za kuliacha neno la kigeni bila kulitafsiri: kwamba ni neno la siri, kwamba lina maana nyingi kwa pamoja, kwamba kitu chenyewe hakipo China, kama mti wa India usiojulikana huko, kwamba waliotangulia wamekwisha kulizoesha, na kwamba tafsiri ingeliondolea heshima. Mfano wa sababu hii ya mwisho ni "prajna", ambalo lingeweza kufasiriwa kwa neno la kawaida la Kichina lenye maana ya hekima. Wao waliliacha likisikika kama lilivyo kwao, kwa kuhofia kwamba msomaji akikutana na neno alilolizoea angedhani jambo lenyewe amekwisha lijua.

Kanuni hiyo yatufaa sisi pia. Kiswahili kimeliacha neno "gacaca" kama lilivyo, nacho kimefanya vema, maana si baraza tu wala si mahakama tu. Mwalimu anayekimbilia kisawe hujiona amefundisha, kumbe amefunika. Ndivyo tulivyofanya jioni ile tulipoandika "subira".

Pengine msomaji atasema kwamba hizo ni habari za watawa na mabaharia wa mbali, nazo hazimdhuru mtu. Basi turudi nyumbani. Wahenga wetu walisema kwamba maneno makali hayavunji mfupa. Methali hiyo ilikusudiwa kumtuliza mtu aliyetukanwa, na kwa kazi hiyo inafaa. Lakini katika nchi hii haiwezi kufundishwa bila maelezo, kwa sababu hapa maneno yalivunja mifupa. Wala hayakuwa makali yote. Mengine yalikuwa mapole.

Kwa Kinyarwanda, "gukora" ni kufanya kazi. Ni neno safi, neno la mkulima na la mwalimu, neno ambalo mzazi humfundishia mtoto adabu. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno hilo lilitumika kwa maana ya kuua. Watu waliitwa waende kufanya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ni kuwaua majirani. Neno "inyenzi", ambalo maana yake ya msingi ni mende, lilikuwa limetumika miaka ya 1960 kuwataja wapiganaji waliotokea miongoni mwa wakimbizi. Katika miaka ya 1990 gazeti la Kangura na redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, viliwabandika Watutsi jina hilo. Tulione vizuri jambo lililotendeka. Anayemwua mtu anajua kwamba ameua. Anayemwua mende anajua tu kwamba amefagia nyumba. Neno lilitangulia mbele likaondoa hatia kabla ya tendo kufanyika.

Kama "gaman" liligeuza kosa kuwa fadhila kwa karne nyingi, "gukora" liligeuzwa kutoka fadhila hadi uovu kwa muda mfupi mno. Tofauti haiko katika mwendo peke yake. Lile la kwanza liligeuka. Hili la pili liligeuzwa. Kiswahili kwa bahati njema kina viambishi vya kutuonyesha tofauti hiyo, na ndani yake mna nusu ya jibu letu.

Nusu ya pili ilisemwa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015, ilikaa katika mji huo wa Tanzania. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba, majaji walikuwa na tatizo ambalo kila mwalimu wa lugha analijua. Walisikiliza kesi kwa Kiingereza na Kifaransa, na mashahidi wengi walisema Kinyarwanda. Mtuhumiwa alitamka nini hasa, na wasikilizaji wake walielewa nini? Mwanaisimu wa Kinyarwanda, Dakta Mathias Ruzindana, aliitwa awe shahidi mtaalamu. Aliulizwa maana ya "inyenzi", maana ya "inkotanyi", maana ya "ibyitso", yaani washirika wa adui, na hata maneno ambayo wanawake walitumia kueleza jinsi walivyonajisiwa, maana mwenye haya husema kwa mafumbo. Hukumu ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998, nayo ikawa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari baada ya shauri kusikilizwa. Ndani ya hukumu hiyo mna kurasa zinazochambua msamiati. Mahakama ilipima kila neno kwa kuangalia lilisemwa wapi, lini, na nani, mbele ya watu gani.

Walimu wenzetu, tulifikirie jambo hilo. Kazi ile ile tunayoifanya kwa chaki, ya kueleza neno kwa kulirudisha mahali lilipotamkwa, ilifanywa mbele ya majaji, na haki ya waliokufa ilitegemea ifanywe vizuri.

Sasa twaweza kulikabili swali lenyewe. Majibu matatu hutolewa kwa kawaida. Wa kwanza husema kwamba neno lenyewe ndilo baya, hivyo lipigwe marufuku. Jibu hili lafaa kwa matusi, lakini halifai kwa "gukora". Kigali huamka kila asubuhi na neno hilo mdomoni, wala haiwezekani watu waache kusema kwamba wanakwenda kazini. Lililotiwa unajisi si neno, ni tendo la kulitumia. Wa pili husema kwamba lugha ni mali ya wote, hubadilika kama majira, wala hakuna mtu wa kulaumiwa. Jibu hili lina ukweli wake, kwani hakuna Mjapani hata mmoja awezaye kushtakiwa kwa kuigeuza "gaman". Lakini likichukuliwa peke yake, jibu hili humsitiri mwovu ndani ya umati. Wa tatu husema kwamba kila anayetamka ana sehemu yake ya kujibu, na jibu hili ndilo letu. Mto hauna mwenyewe, lakini kila ndoo iliyojaa maji ina mkono ulioichota. Maana ya neno huundwa na wengi kwa muda mrefu. Lakini neno hilo hutamkwa na mtu mmoja, kwa mtu fulani, kwa kusudi fulani, na hapo mwenye kujibu hapotei.

Tusidhani kwamba hoja hii ni ya kuwahukumu wengine tu, maana jina letu wenyewe limo. Kiswahili kilifika Rwanda pamoja na wafanyabiashara, makarani na askari waliotoka upande wa pwani, na wengi wao walikuwa Waislamu. Kigali, iliyoanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, iliwapata mapema, na wakati wa utawala wa Kibelgiji waliwekwa katika mtaa wao wa Biryogo. Basi "umuswahili" kwa Kinyarwanda likaja kuwa na maana ya Mwislamu, awe amezaliwa Mombasa au Butare. Kisha likachukua maana ya mtu mjanja, mwongo, asiyeaminika. Kosa la watu hao lilikuwa ni kuwa wageni, wachuuzi na wenye dini nyingine. Hata Dar es Salaam, ambako lugha hii ni ya kila mtu, "mambo ya Kiswahili" husemwa kwa dharau. Mwanafunzi wa Kigali anapokuja kwetu kujifunza Kiswahili, huja akiwa amebeba neno hilo, na pengine jamaa zake wamemcheka.

Hata hivyo, mwaka 1994 Waislamu wengi wa Biryogo na Nyamirambo waliwaficha watu waliokuwa wakiwindwa, ingawa si wote walioshika njia hiyo, na jambo hilo halikusahaulika. Neno lililochafuliwa kwa masimulizi lilianza kusafishwa kwa matendo. Hakuna aliyelisafisha kwa kuandika kamusi mpya. Waliolisafisha ni watu walioitwa kwa jina hilo wakafungua mlango usiku. Kwa hiyo wajibu wetu juu ya maneno hauishii katika kuyatamka kwa uangalifu. Twayapa maana kwa namna tunavyoishi chini yake.

Upo pia mgeuko mwema, nao tusiuache bila kuutaja, tusije tukadhani kwamba maneno huelekea shimoni tu. Katika Ubudha wa China, huruma huitwa "cibei", maneno mawili yaliyounganishwa. La kwanza ni upendo unaomtakia mwingine furaha, na la pili, "bei", kwa matumizi ya kawaida ni huzuni, majonzi. Watafsiri walipotafuta jina la moyo unaotaka kumwondolea mwingine mateso, walichukua jina la maumivu. Kinyarwanda, ambacho hakikupata kukutana na watawa hao, kimefanya vivyo hivyo. "Kubabara" ni kuumia. Ongeza kiambishi cha kutendea, upate "kubabarira", ambalo ni kusamehe. Na kutoka hapo tunapata "imbabazi", huruma na msamaha. Ni kana kwamba lugha inasema kuwa kusamehe ni kuumia kwa ajili ya mwingine. Kiswahili nacho kina "rehema", ambalo kwa Kiarabu ni la mzizi mmoja na neno la mji wa mimba.

Neno "imbabazi" lilitamkwa mara nyingi sana katika mahakama za gacaca, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi takriban milioni 1.9. Aliyekiri na kuomba msamaha aliweza kupunguziwa adhabu. Bila shaka wako walioliomba neno hilo kwa moyo uliovunjika, na wako walioliomba kwa hesabu. Nani angeweza kuwatenganisha kwa kusikiliza sauti tu? Lakini umbo la neno lenyewe laweza kutusaidia kuuliza swali sahihi. Kama kusamehe ni kuumia kwa ajili ya mwingine, basi anayeumia ni yule anayetoa, na kwa hiyo ni yake kutoa au kuzuia. Hakuna wa nje mwenye haki ya kumlazimisha atoe, kama vile hakuna mwenye haki ya kumlazimisha mtu awe na subira.

Twaweza sasa kusema waziwazi tulilolifikia. Maneno ya maadili, kama subira, msamaha, uvumilivu na utiifu, hayana maana kamili mpaka tujue yanatoka kwa nani na yanakwenda kwa nani. Subira ninayojitwika ni fadhila. Subira ninayokutwika wewe ili mimi nistarehe ni dhuluma iliyovaa kanzu ya fadhila. Twafundisha kwamba mvumilivu hula mbivu, na twafundisha vema; lakini tumwache mwanafunzi aulize pia ni mara ngapi mbivu zimeliwa na yule aliyemwambia mwenzake avumilie.

Kwa mwalimu, hili lina matokeo ya kila siku. Tunapofundisha neno la namna hii, tusitoe kisawe tukaenda zetu. Tutoe kisawe, maana mwanafunzi anakihitaji, kisha tuulize pamoja naye maswali matatu: nani analisema neno hili, anamwambia nani, na gharama yake hulipwa na nani? Maswali hayo hayachukui muda mrefu. Yangetosha kuufichua uongo wa anayejiliwaza kwa "hoben". Yangetosha kumtetea mfanyakazi anayeambiwa awe na "gaman". Na kama yangeulizwa kwa sauti kubwa hapa kwetu, na watu wengi, redio ilipowaita watu kazini, huenda wako ambao wangebaki nyumbani.

Wiki iliyofuata tulirudi darasani tukakuta ubao umefutwa. Tuliandika tena "ren", tukaandika "kwihangana", tukaandika "subira", safari hii bila kuweka alama ya usawa katikati. Tulimwomba radhi mama yule mbele ya wenzake. Kisha tulimwuliza yeye, kama mwenye neno, tumwambie nini mtu aliyefiwa, kwa Kiswahili, ifikapo Aprili. Alifikiri kwa muda. "Semeni pole," alijibu, "halafu msiondoke. Mkae."

Tuliliandika hilo daftarini. Hatujaona bado kamusi inayoeleza kwamba kukaa ni sehemu ya maana ya pole. Lakini tangu siku ile ndivyo tunavyolifundisha.